Mpima Hewa Nyuma ya Ukuta Wangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Sijivuni, na hata nikijivuna haki ninayo. Niliacha shule kule Kanzenze darasa la tatu, nikabeba viazi kichwani mpaka Gisenyi, nikapata baiskeli moja, nikapata ya pili nikaikodisha, na kabla sijafika miaka arobaini nilikuwa na lori, duka la vitenge na maharagwe karibu na soko, na nyumba ya matofali ya kuchoma. Wenzangu waliomaliza shule wananisalimia kwa kuvua kofia. Nimeona volkano ikiyatia mawingu wekundu. Nimeona noti za Zaire zikifungiwa karanga. Nimeona umati ukivuka mpaka kwa mguu kwenda, na nikauona ukirudi. Kwa hiyo serikali ilipotuletea mtu ambaye kazi yake ni kupima hewa, sikushangaa. Nilicheka tu.

Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye kadi aliyoitundika shingoni. Lakini mji mzima ulimwita Mpima Hewa, na mimi hapa sitamwita vingine.

Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukata sabuni. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake nacho kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi wa hapa mpakani tunaongea kama tunavyotembea, haraka haraka, Kifaransa kidogo, Kinyarwanda kidogo, mutu anaelewa basi. Yeye alikuwa akimwambia hata mbuzi aliyelala njiani, "Samahani, naomba nipite." Watu walikuwa wanamfuata sokoni ili wamsikie tu akiulizia bei ya nyanya.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alibeba mashine ndani ya sanduku la bati la kijani, yenye kioo kidogo ambamo mistari ya mwanga ilirukaruka kama nyasi kwenye upepo. Mkononi alishika antena iliyofanana na mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Alisimama kwenye kona, akaigeuza mifupa ile polepole, huku na huku, akatazama kioo, akaandika, akasogea hatua hamsini, akaanza tena. Mama mmoja anayeuza vitenge, mwanamke hodari, anayevuka barrière ya mpaka wa Goma mara nne kwa siku na mdomo wake haujawahi kulipa ushuru, alimpigia kelele mbele ya soko zima.

"Papa Mupima! Ya kwangu hewa iko kilo ngapi?"

Yeye hakucheka. Aliigeuza mifupa kumwelekea, akasoma kioo kwa makini, akasema, "Bado haijatulia kwenye mzani, mama. Punguza maneno kwanza."

Soko lilianguka kwa kicheko. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Mambo mengine ya mtu yule hayakukaa pamoja. Siku nzima alifukuza sauti za watu, lakini yeye mwenyewe hakuwa na redio. Aliogopa radi kuliko mtoto. Mawingu yakianza kunguruma juu ya ziwa alifunga dirisha, akakaa katikati ya chumba mbali na kila chuma, hata kijiko. Alipenda kimya, lakini alikoroma mpaka kuku wangu wakahamisha kiota. Na furaha yake, kama alikuwa nayo, ilikuwa moja: alivaa visikizio masikioni, akatafuta mahali ambapo hakuna mtu anayeongea, akakaa hapo akitabasamu. Nilimkuta hivyo mara moja.

"Unasikia nini, mzee?"

"Hakuna kitu. Safi kabisa." Akanivalisha visikizio. Kweli, ilikuwa shhh tu, kama mvua inayonyesha kilima cha pili.

Tukaongea habari ya hewa siku ile, na nikamweleza kama mtu mzima anavyomweleza mwenzake kwamba hewa ni ya Mungu. Alinipeleka mpaka nje, akanionyesha kilima cha upande wa Nyundo, mashamba yake yaliyokatwakatwa kama nguo ya fundi, kila kipande na uzio wake wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe.

"Kilima nacho ni cha Mungu," akasema. "Lakini hapo kila mtu anajua uzio wake uko wapi, na mtu akiusogeza hatua moja wanapelekana kwa wazee. Hewa ni vilevile. Kuna kipande cha redio za habari, kuna kipande cha polisi, kuna kipande cha ndege. Vinaitwa masafa. Huwezi kulima cha mwenzako."

"Na huko juu kabisa?"

"Huko juu kuna kipande chembamba cha simu za setilaiti. Ni chembamba sana, na humo humo meli inayozama inaomba msaada, ndege iliyopotea inaita. Pembeni yake kuna kipande cha watu wanaosikiliza nyota. Wao hawasemi chochote. Wanasikiliza tu."

"Watu wasiosema kitu nao wamepewa shamba?"

"Na hati wanayo."

Nilicheka. Moyoni sikucheka, kwa sababu wakati ule nilikuwa nalima kwenye kile kipande chembamba tangu Pasaka, na hati sikuwa nayo.

Hapa lazima niseme miaka ile ilikuwaje. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, na milima iliyo juu yetu haikuwa na usalama. Watu wenye silaha walishuka kutoka msituni, wanajeshi walipanda kuwatafuta, na sisi wa katikati tulijifunza kulala na viatu. Nguzo za simu zilikatwa, laini ya posta ilikufa wiki mbili, ikafufuka siku moja, ikafa tena. Simu za mkononi zilisikika Kigali, kwetu bado. Katika hali hiyo, mtu aliyekutwa na chombo cha kurusha sauti hakuulizwa bei wala alikinunua wapi. Aliulizwa anaongea na nani kule msituni. Na nilijua watu wawili walioulizwa swali hilo, ambao wake zao bado walikuwa wanawapelekea chakula mahali wasikojua kama kinafika.

Mimi nilikuwa na chombo hicho. Nilikinunua kwa muuzaji wa Nairobi: sanduku jeusi, dogo kama daftari kubwa la duka, uzito wa kuku wawili wakubwa, wala halizidi. Kifuniko chake ndicho antena. Unalilaza uani, unainua kifuniko, unakielekeza mashariki, juu, pale jua linapokuwa saa nne za asubuhi. Linaanza kulia: pii, pii, pii. Likikaribia shabaha, milio inakimbizana mpaka inakuwa mlio mmoja. Hapo unashika mkono wa simu, unaongea na Dubai kama unaongea na jikoni.

Kwa nini sikuomba kibali? Kwa sababu kibali kilitolewa Kigali, kilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na maswali ambayo mtu wa darasa la tatu hawezi kuyajibu bila kumlipa mtu mwingine ayajibu. Na kwa sababu nilikuwa nimezoea kushinda. Wafanyabiashara walikuja kwa mlango wa jikoni, eti wanatazama maharagwe. Yule mama wa vitenge alikuwa wa kwanza. Alishika simu, akapiga kelele.

"Allô! Allô! Mbona hanijibu huyu?"

"Ngoja, mama. Sauti inapanda kwanza mbinguni, halafu inashuka. Sema, kisha ungoje."

"Na Mungu akiikamata huko?"

"Atairudisha. Mi nimelipia."

Bon. Mpima Hewa alipotafuta chumba cha kupanga, alikipata kwa mjane aliye nyuma yangu, ukuta kwa ukuta. Mke wangu aliposikia, alikaa chini.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Ulitupe ziwani lile sanduku. Leo."

"Hapana. Mtu kama huyu, bora akae pale ninapomwona. Nitakunywa naye chai kila siku, nitajua anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Akitoka na mashine yake, mi nafungua yangu. Akirudi, nafunga."

"We njo mwerevu peke yako katika Gisenyi hii," akasema, akaingia ndani.

Lakini nilifanya hivyo, na nikaona nimeweza. Jioni alikuja barazani kwangu kunywa chai ya tangawizi. Sukari alikuja nayo mwenyewe, imefungwa kwenye kikaratasi mfukoni, vijiko vinne, ili asile kitu cha mwananchi. Majani ya chai je? Nilimuuliza. Alifikiri kidogo, akasema majani aliyahesabu kuwa ujirani. Tulibishana habari ya viazi, ya mvua, ya nani anaiba mchanga wa ziwa. Na mimi, huku nikimmiminia, nilikuwa napima yeye anayepima. Lakini yeye naye alikuwa na maneno yake.

Kwa mfano, siku ya mti. Uani kwangu kulikuwa na mparachichi, na tawi lake la mashariki lilikuwa linaziba mbingu, sanduku likawa linalia bila kufika. Nikalikata. Jioni Mpima Hewa alikaa, akatia sukari yake, akakoroga.

"Jirani, lile tawi lilikuwa na matunda mengi."

"Lilikuwa linaleta nyoka, mzee."

Akakoroga tena.

"Nyoka wa upande wa mashariki tu?"

Nikasema ndiyo, wa mashariki ndio wabaya. Akanywa chai. Usiku ule usingizi haukuja kwangu.

Tena siku nyingine aliniambia, bila kuulizwa, kwamba simu ya setilaiti ni ngumu kukamatwa kwa sababu inaongea kwenda juu, haisambazi pembeni. Mashine yake ingesikia unong'ono tu, na lazima iwe karibu sana. "Karibu kiasi gani?" nikauliza, kama mtu asiyejali. Akatazama ukuta wangu, si kwa haraka. "Kama kutoka hapa mpaka pale kwa mjane," akasema.

Mtu mwingine angelitupa sanduku ziwani siku hiyo. Mimi nilijiambia: angekuwa anajua, asingesema. Hiyo ndiyo akili iliyonipatia lori, na ndiyo iliyotaka kunimaliza.

Ikawa Alhamisi moja, saa tatu asubuhi. Jana yake gari lilikuwa limepigwa risasi kwenye barabara ya juu. Kila mtu alijua kutakuwa na msako, ila hakuna aliyejua utaanzia wapi. Ulianzia kwangu. Niliona kofia za wanajeshi juu ya uzio kabla sijasikia mlango. Waliingia sita, na afande wao, kijana mwenye macho yasiyolala, mmoja wa waliorudi kutoka Uganda. Nyuma yake alikuja Mpima Hewa, suruali yake imenyooka, sanduku la bati mkononi. Hakunisalimia.

"Wewe ndiyo mwenye nyumba?" afande akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Watu wanasema hapa kuna mashini inaongea. Iko wapi?"

"Hapana, afande. Mi niko na redio ya habari tu. Ile pale kwenye dirisha."

"Okay. Fikiri tena."

"Naapa, afande. Redio tu."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mdomoni. Afande akamgeukia Mpima Hewa. "Mzee, wewe unakaa hapo nyuma. Unasema nini?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimemmiminia chai zaidi ya miezi sita. Macho yangu yalimwambia kila kitu ambacho mtu anaweza kumwambia jirani.

Mpima Hewa akasema, "Mwenye nyumba anasema uongo, afande. Simu ya setilaiti ipo. Haina kibali."

Mwanajeshi mmoja alinishika bega, na sijui kama alikuwa ananizuia nisikimbie au nisianguke. Mke wangu hakulia. Aliingia ndani, akatoka na sanduku limejaa vumbi la maharagwe, akaliweka chini mbele ya afande, akasema kwa Kinyarwanda kwamba baba wa watoto wake ni mjinga lakini si muuaji.

"Kwa hiyo," afande akaniambia, "unaongea na nani huko msituni?"

"Hakuna mutu, afande. Hakuna."

"Ulisema pia hakuna mashini."

Uongo wa kwanza ulikuwa umekula ukweli wa pili. Wawili kati yao walikuwa wameshaanza kunifunga mikono na kamba ya mzigo, kamba yangu mwenyewe ya dukani, wakati Mpima Hewa aliposema, kwa sauti ile ile ya kuomba njia kwa mbuzi, "Samahani, afande. Naomba nipite."

Akapita katikati yao. Akachuchumaa, akafungua sanduku, akaliwasha, akaelekeza kifuniko kwenye milima, kule msituni. Kimya. Akalisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Kimya. Kisha akaligeuza mashariki, akainua kifuniko, na lile sanduku likaanza: pii, pii, piipiipii.

"Linaangalia mahali pamoja tu," akasema. "Kuna setilaiti juu ya Bahari ya Hindi, kilomita elfu thelathini na sita kwenda juu. Inazunguka pamoja na dunia, kwa hiyo kwetu imesimama. Msitu haliujui."

Afande hakuwa mjinga. "Na kama kule msituni wana nyingine kama hii? Inapanda, inashuka kwao. Si inawezekana?"

Nilimwomba Mungu Mpima Hewa aseme haiwezekani.

"Inawezekana kabisa," akasema.

Mke wangu alitoa sauti ndogo.

"Ndiyo sababu nimeandika," Mpima Hewa akaendelea, na akatoa mfukoni daftari. "Chumba changu kiko hatua ishirini kutoka hapa. Mashine yangu ya pili, ile nisiyotoka nayo, imekaa dirishani tangu nilipohamia, inaelekea uani huku, inajiandikia yenyewe. Nina kila mara simu hii ilipowashwa, saa iliyowashwa na saa iliyozimwa. Nyinyi mliisikia sauti ya msituni lini?"

Afande akasema, "Jumanne saa sita mchana. Na Jumamosi alfajiri."

Mpima Hewa akalamba kidole, akafunua. "Jumamosi alfajiri, imezimwa. Huyu haamki mapema tangu awe tajiri. Jumanne saa sita, imezimwa. Alikuwa dukani, nilimpita nikamsalimia. Na mliyoisikia nyinyi ilikuwa masafa mafupi, megahezi saba. Hii iko elfu moja na mia sita. Nendeni mkamtafute mwenye waya mrefu juu ya mti. Huyu hana waya."

Afande alilichukua daftari, akalisoma kurasa nyingi, amesimama, jua linampiga. Sisi wote tulikuwa tunasikia kuku wakidonoa. Kisha akaushika mkono wa simu, akatazama namba kwenye kioo chake, akauliza, "Hii namba ya Goma? Simu inakumbuka namba za mwisho. Kumi hizi, saba ni Goma. Nani wa Goma?"

"Shemeji yangu, afande. Kaka wa mke wangu. Ana ile telefoni ya mkono ya kule."

"Goma iko hapo. Mtu anaenda kwa mguu."

"Ndiyo, afande."

"Na wewe unapiga juu ya Bahari ya Hindi."

"Ndiyo, afande."

"Mara tatu kwa siku. Mnaongea nini?"

"Maharagwe."

Hata mimi niliposikia neno lile nikaona nimekufa. Afande akabonyeza kitufe, akaweka mkono wa simu sikioni, akaniashiria nikae kimya. Sauti ya shemeji yangu ilikuwa kubwa tangu utotoni, sote tuliisikia.

"Shemeji! We, hii maharagwe ulinitumia iko na wadudu! Gunia kumi na mbili! Unanionaka mujinga?"

"Hapa si shemeji yako," afande akasema, lakini yule alikuwa bado anaendelea, sauti zikagongana.

"Allô? Apana, usiniongelee juu! Nasema wadudu! Niko nayaona na macho, inatembea!"

"Nyamaza! Wewe ni—"

"We njo unyamaze! Mutu wa Kanzenze, ulizoea kuuzia watu viazi vya kuoza!"

Mpima Hewa akamwinamia afande. "Sema, kisha ungoje. Sauti yako bado iko njiani." Afande akasema, akangoja. Akauliza magunia yalikuwa mangapi, yalivuka lini, na gari gani. Shemeji akajibu yote, na matusi mawili juu, kwa mpangilio wa mtu mwenye uchungu wa kweli. Mwanajeshi aliyenishika bega alikuwa anatetemeka, nikageuka, nikaona anacheka.

Afande akakata simu. Hakucheka yeye. "Mfungueni," akasema. Kisha akalishika sanduku. "Hii inakuja kambini."

"Hapana, afande," Mpima Hewa akasema.

Afande akamgeukia, sanduku mkononi.

"Kosa lake ni kutumia masafa bila kibali. Ni kosa la ofisi yangu. Nimeliandika, ana saini ya kuweka, na sanduku ni kielelezo. Likienda kambini, litakuwa kosa lingine, na yeye atalifuata huko." Mtu yule anayefunga dirisha kwa ajili ya radi alinyoosha mkono wenye kalamu, akangoja. Afande alimtazama muda ambao mtu anaweza kula embe zima. Kisha akaliweka sanduku chini, akawaita watu wake, wakatoka.

Niliweka saini pale pale, juu ya gunia. Mpima Hewa akamimina lakiri nyekundu kwenye kufuli la sanduku, akapiga muhuri, akaenda nalo. Chai hakuja kunywa siku ile wala kesho yake, wala tena.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, wiki sita zilipopita, ofisini kwake nyuma ya posta. Walikuwa wanamhamisha, masanduku yamefungwa, ukutani kumebaki misumari. Nilikuwa na bahasha ya shukrani mfukoni, na hasira nyingi kifuani. Hasira ilitoka kwanza.

"Mzee, tangu lini ulijua?"

"Kabla sijahamia. Ndiyo maana nilihamia."

"Mashine ilikuambia?"

"Wewe uliniambia. Nilipofika mji huu ulikuwa mtu wa kumkata mwenzako neno kabla hajafika katikati. Hakuna aliyemaliza sentensi mbele yako. Baada ya Pasaka ukaanza kusema, kisha unangoja. Kidogo tu, kama nusu ya pumzi. Nikamwona yule mama wa vitenge naye anasema, anangoja. Yeye! Nikajua kuna simu ya setilaiti mjini, maana ile ndiyo inayowafundisha watu adabu hiyo. Ilibaki kutafuta nyumba, na wote walikuwa wanaingia kwa mlango wako wa jikoni."

Nikakaa. Niligundua nilikuwa nimemsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini ulikunywa chai yangu ukiniandika," nikasema. "Jirani angeniambia siku ya kwanza. Zima, omba kibali, basi."

"Ningekuambia siku ya kwanza, siku ya pili sanduku lingekuwa Goma kwa shemeji yako. Halafu Alhamisi ile wangekuja hivyo hivyo, kwa maneno ya watu. Wangekuuliza liko wapi, ungesema hakuna, kama ulivyosema. Wangemtafuta shemeji. Na mimi ningekuwa na daftari tupu. Ningewasomea nini?"

Nikaitoa bahasha, nikaisukuma mezani. Nikamwambia hii si ya ofisi, hii ni ya mutu na mutu, asante ya mwanaume aliyerudi nyumbani kwa watoto wake. Aliifungua, akazihesabu noti moja moja kwa sauti, elfu mia moja kamili, akavuta kitabu cha risiti kutoka kwenye sanduku lililokwisha kufungwa, akaandika.

"Ofisi haina mahali pa kuandika asante," akasema, akinikabidhi risiti. "Nimeiweka kwenye faini. Iliyobaki utaleta kesho kwa mwenzangu, na ada ya masafa ya miezi uliyotumia, na ya stempu. Ukimaliza utapewa sanduku lako na kibali chako. Fomu nimeshakujazia."

Nilileta kesho yake. Faini, ada na stempu, vyote pamoja na ile asante yangu: franka laki tatu, elfu kumi na nne na mia tano.